Rangi mbili: historia ya dawa tunayoifanyia mchezo

Hapa Gungu fizi zikivimba na kutoa damu, safari ya kwanza ni duka la dawa. "Nipe tetrasaikilini, zile za rangi mbili, nne tu." Nne! Wengine hupasua kapsuli wakapaka unga kwenye ufizi.

Wasomaji wangu, turudi kidogo mwishoni mwa 1977. Kipindupindu kililipuka nchini, na tetrasaikilini ikagawiwa kwa wingi, si kwa wagonjwa tu, hata kwa wazima kama kinga. Miezi mitano baadaye, asilimia 76 ya bakteria waliopimwa walikuwa hawaisikii tena. Fred Mhalu na wenzake waliyaandika hayo kwenye jarida la Lancet mwaka 1979, na hadi leo watafiti wa nje wanatutolea mfano. Sifa gani hizi jamani!

Bakteria wa fizi ni wengine, ila mchezo ni ule ule: dawa inaua wanyonge, sugu wanabaki wakizaana, tena wanagawiana usugu. Hawa wana na ngome, yaani ukoga ulioganda kwenye meno, ambamo dawa ya kumeza hupenya kwa shida. Ndiyo maana daktari wa meno huanza kwa kukwangua. Antibaotiki huongezwa kwa wachache, ugonjwa ukiwa mkali.

Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, ufukweni mwa ziwa letu hili, kati ya wakimbizi wa Burundi. Dawa inayotegemewa kwa mgonjwa aliyezidiwa, pamoja na maji ya chumvichumvi, ni doksisaikilini. Ukoo mmoja na zile nne za rangi mbili.