Cheti cha Siku 14

Sisi wa Kiplombe tuko Eldoret, mji ambao malori ya Mombasa hupitia yakielekea Malaba. Mei 2020, dereva hakuvuka mpaka bila cheti kuonyesha hana korona. Kilidumu siku 14, na foleni ya Malaba ikaenda kilomita nyingi. Mtaani tulikisoma cheti kile kama hukumu: ati huyu ni salama, yule ni hatari.

Lakini maabara haikuulizwa hivyo. Kipimo cha PCR huuliza swali dogo sana: je, kwenye ute huu uliotolewa puani leo, kuna alama ya kirusi hiki? Basi. Ukiambukizwa Jumatatu na upimwe Jumanne, huenda ukaambiwa huna. Mwezi uo huo, watafiti wa Johns Hopkins kule Marekani walijumlisha matokeo ya tafiti 7. Waliona kwamba hata siku dalili zinapoanza, kipimo kiliwakosa wagonjwa kama 38 kati ya 100. Siku tatu baadaye bado kiliwakosa kama 20. Kwa upande mwingine, aliyepona anaweza kuonekana nacho wiki kadhaa, manake kipimo huokota hata mabaki.

Jirani zetu Tanzania walienda njia nyingine. Mei 3, Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zilionekana kuwa na korona. Siku chache baadaye takwimu zao zilisimama kwenye wagonjwa 509, zikabaki hapo.

Sasa, kama kipimo kina mipaka, tukitupe? Hapana. Kati ya Aprili 30 na Juni 16, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walitafuta kingamwili kwenye damu 3,098 za wachangiaji, Eldoret ikiwemo. Walikadiria kwamba karibu Wakenya 4 kati ya 100 walikuwa wameshaambukizwa. Wakati huo waliothibitishwa nchi nzima hawakufika 5,000! Hiyo pia ni maabara, ila iliuliza swali lingine.

Ndiyo maana naona historia ile inatuhusu bado. Baridi ya Julai ikiingia Kiplombe, kila nyumba ina mtu anayekohoa. Karatasi ikisema huna kitu na kifua kinasema vingine, mwambie daktari dalili zilianza lini, na safari ya kwenda kumwona kogo ingoje kidogo. Yeye ndiye atakayelipia siku ambazo kijiti hakikuona.