Mchawi, Mchuuzi na Jukwaa la Wakimbizi

Mwaka jana kikundi chetu cha maigizo kilipoomba turubai moja ya jukwaa, tuliulizwa kama hatuoni mahitaji makubwa zaidi. Swali lilikuwa la haki. Kwa hiyo kamati iliponipa ukurasa huu wa historia, nimeona nisimulie habari za watu wengine waliokimbia, na mchezo waliokimbia nao.

Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa na lugha yao ya nyumbani, Kiyidishi. Lugha hiyo ilitokana na Kijerumani, ikachanganya maneno ya Kiebrania na ya Kislavi, na huandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama wazee wa pwani walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wasomi wengi, hata Wayahudi wenyewe, waliidharau. Maigizo yalikuwapo hasa wakati wa sikukuu ya Purimu, mara moja kwa mwaka, na wanaume ndio walioigiza wanawake.

Abraham Goldfaden alizaliwa mwaka 1840 katika nchi ambayo leo ni Ukraine, akafanya kazi ya ualimu (chaki aliijua kama sisi). Mwaka 1876 alifika Iași, Rumania, akashirikiana na mwimbaji wa vilabuni, Israel Grodner. Kama alivyosimulia mwenyewe, alipanda jukwaani amevaa nadhifu akasoma shairi zito, na watu wakamzomea. Akaelewa. Tangu hapo alitunga visa vya kuchekesha na kuliza, akavitia nyimbo alizookota katika sinagogi, katika opera na kwa wanakijiji wa Rumania.

Mchezo mmoja uliopendwa sana ni Di Kishefmakherin, yaani mwanamke mchawi. Binti Mirele amefiwa na mama. Baba yake anakamatwa na polisi, na mama wa kambo anakula njama na mchawi Bobe Yakhne ili binti auzwe mbali. Mirele anafika Istanbul, anaimba ili aishi, hadi mchumba wake Markus anapomkuta pamoja na Hotsmakh. Huyo Hotsmakh ni mchuuzi wa vitu vidogo vidogo, mbishi wa bei, na nadhani watu walimpenda kuliko Markus kwa sababu kila mmoja alikuwa na Hotsmakh wake sokoni. Mchawi huigizwa na mwanamume kwa desturi, kwa hiyo anatisha na kuchekesha kwa pamoja. Hayahitaji gharama kubwa: kitambaa cha kichwani, sanduku la mchuuzi, na sauti nzuri.

Mwaka 1881 mfalme wa Urusi aliuawa, Wayahudi wakashambuliwa miji kwa miji, na maelfu wakahama. Mwaka uliofuata, mjini New York, kijana Boris Thomashefsky, mfanyakazi wa kiwanda cha sigara asiyetimiza miaka 20, alisaidia kuleta waigizaji kutoka London. Katika ukumbi wa Turn Hall wahamiaji wale wakaonyeshwa mchezo huo huo wa Mirele. Mwaka 1883 serikali ya Urusi ikapiga marufuku michezo ya Kiyidishi, na waigizaji wengi zaidi wakafuata njia ya London na Marekani. Goldfaden naye alifia New York mwaka 1908, na makumi ya maelfu ya watu wakasindikiza jeneza lake.

Kisha Wanazi wakawaua Wayahudi wapatao milioni 6, wengi wao wasemaji wa Kiyidishi.

Mwaka 2019 kampuni ya Folksbiene ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1915, iliuonyesha mchezo huo kwa Kiyidishi, baada ya muziki wake kuundwa upya kutokana na karatasi za zamani. Tafsiri ilimulikwa ili asiyejua lugha afuate. Mchawi alikuwa mwanamume, kama zamani.

Turubai yetu ilipatikana mwezi Machi. Ina matundu mawili, na bado tunatafuta wa kuigiza bibi kizee.