Ufadhili wa Safari za Makongamano kwa Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu

Ufadhili wa safari za kitaaluma ni msaada wa fedha unaomwezesha mwanafunzi wa shahada ya uzamili au uzamivu kuwasilisha matokeo ya utafiti wake katika kongamano nje ya chuo chake. Msaada huo huhusu nauli, ada ya usajili, malazi na posho ya kujikimu, ingawa mara nyingi mfadhili mmoja hugharamia sehemu tu ya mahitaji hayo. Kukubaliwa kwa ikisiri, kwa hiyo, si hakikisho la safari. Zipo mada zilizokubaliwa zinazokosa mwasilishaji kwa sababu tu maombi ya fedha au ya viza yalichelewa.

Vyanzo vya fedha

Chanzo cha kwanza ni mradi wa utafiti wenyewe, endapo bajeti yake ina kifungu cha kusambaza matokeo. Nchini Tanzania, utafiti huratibiwa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986, ambayo pia husimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia (MTUSATE). Ni vyema msimamizi na mwanafunzi wakaweka kifungu hicho wanapoandika andiko la mradi, kwani kukiongeza baadaye ni vigumu.

Chanzo cha pili ni waandaaji wa kongamano na vyama vya kitaaluma. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia (IAU), uliofanya Mkutano Mkuu wake wa kwanza barani Afrika jijini Cape Town mwezi Agosti 2024, hutoa ruzuku za safari kwa washiriki wa mikutano yake. Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia (ICTP) kilichopo Trieste, Italia, tangu mwaka 1964, nacho husaidia washiriki kutoka nchi zinazoendelea kuhudhuria shughuli zake.

Nyaraka za maombi

Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kuwasilisha ikisiri, barua ya kukubaliwa kwa mada, barua ya msimamizi, uthibitisho wa usajili chuoni, wasifu na mchanganuo wa gharama. Mchanganuo huo utaje pia fedha zinazotarajiwa kutoka kwa wafadhili wengine.

Mwombaji asome kwa makini utaratibu wa malipo. Baadhi ya wafadhili hununua tiketi wenyewe. Wengine hurejesha gharama baada ya safari, kwa kuoneshwa risiti na pasi ya kupandia ndege. Mwanafunzi asiye na akiba aombe mapema malipo ya awali, au aulize iwapo chuo kinaweza kumkopesha.

Viza, chanjo na kibali

Kwa nchi za Ulaya zilizo katika eneo la Schengen, maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, lakini unaweza kuchukua hadi siku 45. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari inapaswa kufikia angalau euro 30,000. Hati ya kusafiria iwe hai kwa miezi 3 au zaidi baada ya tarehe ya kuondoka katika eneo hilo.

Pale nchi inapodai chanjo ya homa ya manjano, cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Mwanafunzi aliye mtumishi wa umma anapaswa pia kupata kibali cha safari kupitia kwa mwajiri wake.

Kwa kuzingatia muda huo, inashauriwa maombi ya ufadhili yaandaliwe sambamba na ikisiri, bila kusubiri majibu ya waandaaji. Pale bajeti inapokuwa finyu, makongamano ya Nairobi, Kampala au Kigali huondoa gharama ya viza kwa Mtanzania na kumpunguzia nauli, huku yakimpa wasikilizaji wa fani yake.