D&D ilitengenezwa na watu wenye kazi, sasa mbona kazi inatuulia gemu?

Wasee, tuongee ukweli. Gemu nyingi za Dungeons & Dragons haziuliwi na joka. Zinauliwa na ratiba. Mkiwa chuo mnacheza kila Ijumaa mpaka saa tisa usiku. Halafu mmoja anapata kazi ya shifti, mwingine anahamia Kitengela, wa tatu anapata mtoto, na grupu ya WhatsApp inabaki na swali moja tu: "Wikendi hii tuko?" Majibu ni tiki mbili za buluu. Miezi sita baadaye hamchezi tena, na hata kuonana hamuonani.

Kwa wenye hawajawahi kucheza: mnakaa mezani, mmoja wenu ni refa anayesimulia dunia, kila mtu ana mhusika wake, na mkijaribu jambo gumu mnarusha dadu. Ni hadithi ambayo hakuna anayejua itaishaje.

Sasa kuna watu hukwambia hiyo ni mambo ya ujana, ukishapata kazi unaiacha. Mimi nakataa, na historia iko upande wangu.

Turudi Marekani, jimbo la Minnesota, mwaka wa 1969. Jamaa anaitwa Dave Wesely alianzisha mchezo akauita Braunstein. Badala ya kuongoza jeshi zima mezani, kila mchezaji alikuwa mtu mmoja tu ndani ya mji, na nia yake mwenyewe. Mwaka wa 1970 Wesely akaitwa jeshini. Mwanzilishi ameenda! Lakini gemu haikungoja arudi. Rafiki yake Dave Arneson, aliyekuwa mwanafunzi na pia akafanya kazi ya usoja, aliendelea nayo, na kufikia 1971 alikuwa na dunia yake mwenyewe, Blackmoor.

Upande wa Wisconsin, mji wa Lake Geneva, kulikuwa na Gary Gygax. Huyu alikuwa mzee wa nyumba, ana watoto watano. Alifanya kazi ya bima Chicago mpaka ilipoisha mwaka wa 1970, kisha akawa anatengeneza viatu nyumbani ili apate unga. Arneson alipomwonyesha Blackmoor, wawili hao waliandika sheria wakiwa majimbo tofauti, kwa barua na simu. D&D ilitoka Januari 1974, nakala 1,000, zikapangwa kwa mkono nyumbani. Kabla ya mwaka kuisha zilikuwa zimenunuliwa zote.

Kwa hivyo hii gemu haikubuniwa na watu wasio na shughuli. Na ukiangalia sheria za 1974 utaona hivyo. Zinasema kampeni moja inaweza kuwa na wachezaji kutoka 4 hadi 50. Hamsini! Hakuna mtu alitarajia hao wote wakae mezani usiku mmoja. Ilikuwa ni orodha ya watu wanaokuja wakipata nafasi.

Sheria nyingine ndiyo imenibamba zaidi. Wiki moja ya kawaida ilihesabiwa kuwa wiki moja ndani ya gemu. Ukikosa Jumapili tatu, mhusika wako pia amekaa mjini wiki tatu, labda anaponya majeraha. Na kwa sababu safari za kwenda mapangoni ziliisha kwa kurudi nyumbani, kila kikao kingeanza na yeyote aliyefika. Kukosa kulikuwa sehemu ya mchezo.

Nini kilibadilika? Mwaka wa 1984 zilianza kutoka safari za Dragonlance, zenye hadithi moja ndefu na mashujaa waliopangwa tangu mwanzo. Ziliuza sana, na ni tamu, lakini hadithi ya aina hiyo inamhitaji kila mtu. Shujaa asipokuja, hadithi inakwama. Halafu Machi 2015 Critical Role wakaanza kurusha gemu yao mtandaoni, waigizaji wale wale, kila Alhamisi, saa tatu na zaidi. Wengi wetu tuliijua D&D kupitia wao. Shida ni kwamba kwao ile Alhamisi iligeuka kuwa kazi. Sisi tunaiga ratiba ya watu wanaolipwa kucheza, halafu tunashangaa ikitushinda.

Ona hesabu yetu. Kenya, amri ya jumla ya mishahara inaruhusu wiki ya kawaida ya saa 52, ndani ya siku sita. Ongeza jam ya Mombasa Road na ile side hustle. Kupata watu sita walio huru jioni moja kila wiki ni miujiza.

Kwa hivyo rudisheni ile ya zamani. Mmarekani mmoja, Ben Robbins, alifanya hivyo miaka ya 2000 mapema, na mwaka wa 2007 akaandika kuhusu gemu yake, West Marches. Alikuwa na zaidi ya wachezaji kumi na hakuweka siku maalum. Wachezaji wenyewe ndio walipanga: nani yuko, lini, na wanaenda wapi.

Jaribuni hivi: watu watatu wakipatikana, mnacheza. Kila kikao kiishe mkiwa mmerudi mjini. Aliyekosa asiombe msamaha, aulize tu kulitokea nini. Na refa asiwe mmoja milele, maana naye ana kazi Jumatatu.

Yule msee wa shifti ya usiku akipata off moja kwa mwezi, akute kiti chake kiko.