Kalikiti ya Nyumbani

Saluni za Marekani zilitoza fedha nyingi kwa nywele za mawimbi. Karibu na mwaka 1980, Comer Cottrell wa Pro-Line akaanza kuuza boksi la Curly Kit kwa dola 8, watu weusi wakajitengenezea nyumbani. Kwangu huyo ni mkombozi.

Dar es Salaam mtindo huo tuliuita kalikiti. Dada alinipaka krimu ya kulegeza kipilipili, akasuuza, akazungusha nywele fungu kwa fungu kwenye rola nyembamba, ncha zimefungwa kikaratasi, akatia dawa ya kukunja, mwisho ya kukazia. Harufu ilichoma pua, macho yakatoka machozi. Baada ya hapo ni spreyi kila siku na kofia ya nailoni usiku. Hata hivyo foronya zililowa mafuta, mama akalalamika.