Miaka 60 ya Tume Iliyozaliwa Bila Meno

Tume ya Fursa Sawa za Ajira ya Marekani ilifungua milango tarehe 2 Julai 1965, mwaka mmoja kamili baada ya Rais Lyndon Johnson kutia saini Sheria ya Haki za Kiraia. Ilipewa kazi ya kumkinga mfanyakazi asibaguliwe kwa rangi, dini, jinsia au asili yake, lakini haikupewa meno. Iliweza kupokea malalamiko, kuchunguza na kusuluhisha tu. Kumshtaki mwajiri mahakamani haikuruhusiwa. Mengi yakategemea ujasiri wa aliyekikalia kiti.

Mwenyekiti wa kwanza, Franklin D. Roosevelt Mdogo, mtoto wa rais, hakumaliza hata mwaka. Malalamiko yaliyotarajiwa yalikuwa kama 2,000, yakaja 8,852. Karibu theluthi moja yalihusu jinsia, na hayo yaliwekwa kando. Aileen Hernandez, mwanamke pekee kati ya wajumbe watano, alichoshwa na hali hiyo akajiuzulu mwaka 1966. Wanawake wahudumu wa ndege, waliokuwa wakiachishwa kazi kwa sababu tu wameolewa, walisubiri hadi 1968 ndipo tume ikatamka kwamba kazi ile haihitaji mtu awe mwanamke, sembuse awe hajaolewa.

Wakati huo aliongoza Clifford Alexander, Mmarekani Mweusi wa kwanza kushika uenyekiti. Aliwaita waajiri wa New York wajieleze hadharani kwa nini Weusi ni wachache mno maofisini mwao. Mwaka 1969 Seneta Everett Dirksen alimtishia kwamba atahakikisha anafukuzwa kwa kuwasumbua wafanyabiashara, na baada ya wiki chache Alexander akaachia kiti.

William H. Brown III, aliyempokea, ndiye ninayemstahi kuliko wote. AT&T, kampuni kubwa ya simu, ilipoomba kupandisha bei mwaka 1970, tume yake iliiendea mamlaka ya mawasiliano na kuitaka ikatae, kwa kuwa kampuni hiyo inabagua wanawake na Weusi. Haikuwa na meno, ikaazima ya wenzake! Bunge lilipoipa tume uwezo wa kushtaki mwaka 1972, AT&T ilikuwa tayari imebanwa. Januari 1973 ilikubali kulipa fidia ya dola milioni 15, mbali na nyongeza za mishahara.

Eleanor Holmes Norton, mwanamke wa kwanza kuteuliwa mwenyekiti, alikuta mwaka 1977 majalada zaidi ya 90,000 yamelala. Akaanza kuwakutanisha mapema mlalamikaji na mwajiri, uso kwa uso. Mwongozo wake wa 1980 ulitaja unyanyasaji wa kingono kazini kuwa ubaguzi. Mahakama ya Juu ikaafiki mwaka 1986. Clarence Thomas, aliyemfuata, alikaa miaka minane akipendelea shauri la mtu mmoja mmoja kuliko kesi za makundi.

Januari 2025 Rais Donald Trump aliwaondoa wajumbe wawili kabla ya muda wao kwisha. Walibaki wawili, na akidi ni watatu. Tume ilikosa akidi hadi Oktoba.