Risasi Yenye Kasoro: Iwekwe au Irudishwe Chunguni?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu wa darasa na awaandikie ubaoni maneno matatu: risasi, kalibu, kikonyo. Yasomeni pamoja kwa sauti kabla hatujaendelea.

Neno risasi lina maana mbili. Kwanza ni madini laini, mazito, ya rangi ya kijivu. Pili ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Vitu viwili vimepewa jina moja kwa sababu, kwa muda wa mamia ya miaka, hicho cha pili kilitengenezwa kwa hicho cha kwanza. Kalibu ni chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyuka ili yapate umbo. Maneno haya mawili yalitoka katika Kiarabu. Kikonyo mnakijua: ni kijiti kishikacho embe mtini. Risasi itokayo katika kalibu nayo ina kikonyo chake, pale ilipomiminwa, na kikonyo hicho hukatwa.

Leo tutazungumza habari za watu wa zamani waliojitengenezea risasi nyumbani. Yawezekana mtauliza, "Watu wa nyumbani waliwezaje kazi ya mhunzi?" Jibu ni joto. Chuma hakiyeyuki mpaka kifike joto la digrii 1,500 na zaidi. Madini ya risasi huyeyuka kwa digrii 327 tu, na moto wa kuni watosha. Basi mtu mwenye sufuria ya chuma, upawa na kalibu ya kushika mkononi aliweza kukaa mbele ya meko na kumimina risasi moja moja mchana kutwa.

Sikilizeni sasa kisa cha kweli kilichotokea Amerika mwaka 1776.

Wakati ule makoloni 13 ya Amerika yalikuwa yakipigana na Mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Katika mji wa New York palikuwa na sanamu kubwa ya mfalme huyo, amepanda farasi. Ilisimamishwa mwaka 1770. Kwa nje ilipakwa dhahabu, lakini ndani ilikuwa madini ya risasi, na uzito wake ulisemwa kuwa kama ratili 4,000, yaani karibu kilo 1,800. Tarehe 9 Julai 1776 askari walisomewa tangazo la uhuru. Jioni ile ile kundi la askari na raia likaenda likaivuta sanamu kwa kamba mpaka ikaanguka. Kesho yake mkuu wao, George Washington, aliwakemea askari kwa kufanya fujo. Lakini madini hayakuachwa yakalala bure, maana jeshi lilikuwa na upungufu mkubwa wa baruti na risasi.

Vipande vingi vilipelekwa Litchfield, katika Connecticut, nyumbani kwa Oliver Wolcott, mmoja wa wakuu wa koloni lile. Hapo kazi ilishikwa na wanawake na watoto. Wolcott aliacha karatasi ya hesabu ambayo ingaliko hata leo. Inasema kwamba Ruth Marvin alitengeneza risasi 11,592. Mary Ann, binti Wolcott, alitengeneza 10,790. Laura, dada yake, 8,378. Na Frederick, ndugu yao mdogo, 936. Majirani wengine nao wametajwa. Jumla ni risasi 42,088.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Kama ratili moja ya madini ilitoa risasi 16 mpaka 20, basi risasi 42,088 zilihitaji ratili 2,100 mpaka 2,630. Sanamu ilikuwa ya ratili 4,000. Zile nyingine zilikwenda wapi? Baadhi ya vipande vilichukuliwa njiani na watu waliompenda mfalme, wakavificha. Karibu miaka 100 baadaye, mkulima mmoja wa Wilton alikuta vipande vya sanamu ardhini, na mkia wa farasi ule umewekwa katika jumba la makumbusho la New York.

Sasa tazameni jambo moja. Karatasi ya Wolcott inahesabu risasi zilizokubaliwa tu. Lakini kila mtu aliyepata kumimina madini anajua kwamba si kila kitokacho katika kalibu ni kizuri. Je, wewe ungalikuwa Ruth Marvin, umekaa karibu na moto, umefungua kalibu, ukaona risasi yenye kasoro, ungalifanyaje? Ungaliitia katika kapu pamoja na nzuri, au ungaliirudisha chunguni iyeyuke tena?

Kwanza ilikupasa kujua kasoro yenyewe ni ipi. Risasi yenye mikunjo kama uso wa mzee ilionyesha kwamba kalibu bado baridi: madini yaliganda kabla hayajashikana vema. Risasi za kwanza za asubuhi zilikuwa hivyo mara nyingi. Zilirudishwa bila majuto, maana kazi yake ya kwanza ilikuwa kuipasha kalibu moto. Risasi yenye ukingo mwembamba kiunoni ilionyesha kwamba kalibu haikufungwa barabara. Hiyo ilifaa kuchongwa kwa kisu ikawekwa.

Kasoro ya tatu ilikuwa ya hila zaidi. Hewa ilinaswa ndani, ikaacha shimo lisiloonekana kwa nje. Risasi hiyo ilipendeza machoni, lakini ilikuwa nyepesi kuliko wenzake, na upande mmoja ulikuwa mzito kuliko wa pili. Ikipigwa haiendi sawasawa. Dawa yake ilikuwa mizani. Wahenga walisema, usione ukadhani.

Kasoro ya nne haikuwa na mjadala. Risasi iliyo kubwa mno haishuki mpaka chini katika mtutu. Ikikwama katikati, ikaacha nafasi kati yake na baruti, bunduki yaweza kupasuka mikononi mwa mwenyewe. Hiyo ilirudishwa chunguni, hata kama adui alikuwa mlangoni.

Lakini kwa kasoro ndogo, jibu lilitegemea bunduki. Bunduki ya askari wa Kiingereza wa wakati ule ilikuwa na mtutu laini ndani, upana wake kama milimita 19, na risasi yake ilikuwa ya milimita 17 na nusu. Ilishuka kwa urahisi, imefungwa katika karatasi pamoja na baruti. Askari walisimama safu kwa safu, wakapiga safu ya adui iliyo karibu. Katika vita vya namna hiyo risasi yenye kunyanzi kidogo ilitosha. Mwindaji wa msituni mwenye bunduki yenye mifereji ndani ya mtutu alikuwa mbali na hayo. Alitaka kumpiga mnyama mmoja kwa risasi moja, kwa hiyo alichagua kama mtu achaguaye mbegu.

Huku kwetu pia, katika karne ya 19, misafara kutoka pwani ilipeleka magobori bara ili kununua pembe za ndovu. Gobori ni bunduki ya kushindilia kwa mbele, yenye mtutu laini. Watu wa Mirambo, mtawala mashuhuri wa Unyamwezi aliyefariki mwaka 1884, walipigana kwa bunduki hizo. Mahali ambapo madini ya risasi yalikuwa haba, mtu hakuwa na anasa ya kuchagua sana.

Viwanda navyo vilikabili swali hili hili. Mwaka 1782, William Watts, fundi wa mabomba katika mji wa Bristol, Uingereza, alipata hati ya serikali kwa namna mpya ya kutengeneza marisau, yaani zile punje ndogo za kupigia ndege. Madini yaliyoyeyuka yalimwagwa kutoka juu kupitia chekecheke. Matone yakawa mviringo yakianguka, yakapokewa na maji chini. Baadaye, katika minara ya kazi hiyo, marisau yaliviringishwa juu ya ubao ulioinama. Yaliyo mviringo kamili yalikwenda kwa kasi, yakaruka pengo mwisho wa ubao. Yenye kasoro yalijivuta, yakatumbukia katika pengo, yakarudi kuyeyushwa. Ubao ulikata shauri mahali pa macho ya mtu.

Pengine utasema, "Kuyeyusha tena si hasara. Madini yapo pale pale, isipokuwa taka chache zinazoenguliwa juu." Kwa upande wa madini ni kweli. Lakini kuna gharama ambayo Wolcott hakuiandika katika karatasi yake. Madini ya risasi ni sumu. Moshi wake na vumbi lake huingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono isiyonawiwa, na huwadhuru watoto zaidi, hasa katika akili zao. Mwaka 1786 Benjamin Franklin alimwandikia rafiki yake barua juu ya maumivu yaliyowapata wapiga chapa na mafundi wengine walioshika madini hayo. Basi kila risasi iliyorudishwa chunguni ilimweka mtoto Frederick karibu na moshi kwa muda zaidi.

Jambo hili halikuisha na vita vile. Hata leo wako watu wanaoyeyusha betri kuukuu za magari ili wapate vipande vya kutia katika nyavu na mishipi. Huko Mombasa, wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru walidhurika kwa sumu ya kiwanda kilichoyeyusha betri, wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikaamua kwamba walipwe fidia. Kwa hiyo nawasihi: msiyeyushe madini ya risasi nyumbani, wala msipikie kamwe katika sufuria iliyopata kuyeyushia. Na tone moja la maji likiingia chini ya madini ya moto, hugeuka mvuke mara moja na kuyarusha usoni mwa mtu.

Sasa zungumzeni ninyi kwa ninyi, na mwenye kujua kuandika aandike majibu ya wenzake.

1. Kwa nini risasi za kwanza za asubuhi zilirudishwa chunguni?
2. Kasoro ipi ilihitaji mizani, na kwa nini macho hayakutosha?
3. Karatasi ya Wolcott inatuambia nini, na inatuficha nini?
4. Katika kazi yako mwenyewe, iwe ufinyanzi, ushonaji au kilimo, ni kasoro ipi unayoivumilia, na ipi huivumilii kabisa? Nani hulipa gharama ya kurudia kazi?

Swali la nne lizungumzwe kwa muda mrefu kuliko mengine. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.